Rashasha ni Nini Kisheria?

Wanafunzi wangu, karibuni. Leo nina kifungu kimoja tu cha sheria ya Marekani ya mwaka 1934: "kwa kitendo kimoja cha kifyatulio". Silaha inayotoa yenyewe zaidi ya risasi moja kwa kitendo kimoja cha kifyatulio, bila kujazwa upya kwa mkono, ndiyo rashasha.

Sheria hiyohiyo inagusa bunduki zilizokatwa mtutu, na hapo kazi ni nyepesi. Shotigani yenye mtutu usiofika inchi 18 inahamia kundi jingine. Fundi cherehani angeweza kuamua kesi hiyo!

Kwenye rashasha, futikamba haisaidii kitu. Oktoba 1, 2017, mtu mmoja alimimina risasi zaidi ya 1,000 juu ya umati wa tamasha la muziki Las Vegas, kutoka ghorofa ya 32 ya hoteli. Waliokufa, pamoja na waliofariki baadaye kwa majeraha, ni 60. Alitumia bunduki za nusu-otomatiki zilizofungwa bampustoki, yaani kitako kinachoiacha bunduki iteleze nyuma na mbele. Kidole kinatulia, bunduki yenyewe ndiyo inayokifuata kidole.

Sasa niambieni, hapo kifyatulio kimetenda mara moja au mara mia?

ATF, idara inayosimamia silaha, ilikuwa imeruhusu vingi vya vifaa hivyo kwa miaka. Mwaka 2018 ikageuka, ikaviita rashasha. Muuza bunduki wa Texas, Michael Cargill, akasalimisha viwili vyake, kisha akaenda mahakamani. Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 6 kwa 3. Jaji Thomas, aliyeandika hukumu ya wengi, aliweka hadi michoro ya vyuma vya ndani ya bunduki: kila risasi, kifyatulio hurudi mahali pake na kubanwa tena. Jaji Sotomayor, wa upande wa wachache, akajibu kwa habari ya bata: akitembea kama bata, akiogelea kama bata na kulia kama bata, yeye atamwita bata.

Moyo wangu uko kwa Sotomayor. Kalamu yangu, nakiri, ingetia saini upande wa Thomas. Mtu hafai kufungwa kwa kitu ambacho jana ofisi ileile ilimwambia ni halali, na maneno ya sheria hayajabadilika hata nukta. (Naona mnaguna. Guneni tu.)

Jaji Alito alisema wazi kwamba Bunge la Marekani linaweza kuirekebisha sheria. Jimbo la Nevada, ambako ndiko Las Vegas iliko, halikusubiri: mwaka 2019 lilipiga marufuku vifaa hivyo kwa sheria yake lenyewe, likitazama kasi ya ufyatuaji inayoongezwa na vifaa hivyo. Hukumu ya Cargill haikuigusa sheria hiyo.