Sukari Inavyorudishwa Damuni Ndani ya Figo

Wauguzi wenzangu, karibuni. Tuanze na hesabu. Kwa siku moja figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na humo mna glukosi ya gramu 160 hadi 180. Lakini pima mkojo wake: sukari huioni. Karibu yote imesharudishwa damuni na seli za sehemu ya mwanzo ya mrija wa nefroni, yaani kitengo kidogo cha figo kinachochuja damu.

Seli hizo tuzitazame kwa karibu. Upande mmoja umeelekea mkojo, wa pili umeelekea damu. Utando wao ni wa mafuta, na glukosi, inayoyeyuka majini, haiupenyi bila protini ya kuivusha. Upande wa mkojo ipo protini hiyo, SGLT2. Hushika sodiamu moja na glukosi moja, hujigeuza, kisha huviachia vyote ndani ya seli. Anayevuta ni sodiamu. Glukosi imedandia tu, kama mtu aliyedandia lori linaloteremka mlima.

Mteremko huo nani kautengeneza? Ni pampu iliyo upande wa damu. Usiku na mchana hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ikitumia ATP, yaani nishati ya seli, hivyo ndani ya seli sodiamu hubaki haba. Hapa ndipo ninapostaajabu kila ninapofundisha: SGLT2 yenyewe haigusi ATP. Gharama yote hulipwa na pampu, upande wa pili wa seli.

Glukosi ikishajaa ndani hutoka upande wa damu kupitia protini nyingine, GLUT2. SGLT2 huokoa takriban asilimia 90. Masalia huokotwa mbele na SGLT1, inayotumia sodiamu 2 kwa kila glukosi, ndiyo maana hukomba hata kilichobaki kidogo.

Ila protini hizi zina kikomo. Sukari ya damu ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, huelemewa. Sukari humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji, mgonjwa akakojoa sana na kushikwa na kiu.

Dawa za kisukari dapagliflozini na empagliflozini huizuia SGLT2 kwa makusudi. Chimbuko la dawa hizo ni florizini, kemikali iliyotolewa kwenye gome la mti wa tufaha mwaka 1835. Kwa hiyo mgonjwa anayezitumia, kijiti cha mkojo kitaonyesha sukari nyingi hata kama damu yake iko sawa. Msiseme dawa imeshindwa. Mpimeni damu.