Kitabu cha mapishi ya chomboni: kukiandika na kukichapisha mwenyewe

Assalaam aleikum mama zangu, walimu wangu, manahodha na vijana wote mliofika jioni hii. Nimeombwa niongee kuhusu kuandika kitabu cha mapishi na kukichapisha mwenyewe bila kumngojea mchapishaji wa Nairobi, na ntaongea kuhusu kitabu cha aina moja tu, kile nikijuacho, cha mapishi ya chomboni, ndani ya mashua. Yani watu wanaotoka na mshipi kwa kupenda tu, si kwa kuuza, wakipata samaki wanapika hukohuko, jiko la mkaa ndani ya sanduku la mchanga. Kama wewe mapenzi yako ni mikate ya mofa au achari pia keti usikize, manake kazi ni ileile.

Watu huniuliza, kwani mbona jambo dogo hivo, si uandike mapishi ya Kiswahili yote tu upate wasomaji wengi. Jamani, biriani mtu aipata kwenye simu kwa dakika moja, video juu ya video. Lakini mtu ambaye mashua yake imetia nanga Manda Toto, kisiwa kidogo hapa kwetu Lamu, ana sufuria moja, jiko moja, mtungi wa maji ya kunywa ambao haifai kumalizika, upepo wampulizia majivu usoni, na ndooni ana changu wanne, huyo nani amemwandikia? Huyo ndiye msomaji wangu, na nikishamjua yeye kitabu chajipanga chenyewe. Kila pishi nalipima kwake. Lataka sufuria mbili? Toka. Lataka blenda? Toka. Lataka kuosha mchele mara tatu kwa maji matamu? Bas mchele uchaguliwe na upepetwe nyumbani, uje kwenye kopo lenye kifuniko, na viungo vya kavu vichanganywe nyumbani vifungwe pakiti pakiti, kila pishi na pakiti yake, kwa sababu hakuna mtu atakayefungua vikopo saba huku chombo chayumba.

Nazi nayo. Tui ukilikamua asubuhi, ikifika adhuhuri na jua letu hili lishaanza kuchacha, kwa hivo mimi kitabuni naandika beba nazi nzima na mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kukamulia, au beba tui la pakiti, sioni aibu kuliandika. Kasimele, lile tui zito, weka kando kwa mwisho, tui jepesi ndilo lipikie wali.

Na chumvi, hapa nataka nikae kidogo manake ndipo watu wa mjini hukosea. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ukipika wali kwa maji hayo matupu hauliki. Lakini ukichukua sehemu moja ya bahari na sehemu tano za maji matamu, wapata kama gramu sita kwa lita, ambayo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na wali watoka sawa kabisa na mtungi umeokoa maji. Maji yenyewe yatekwe huko nje kwenye maji safi, si hapa gatini wala karibu na mji, na yachemke. Kitu kama hicho hukioni kwenye kitabu cha mapishi ya nyumbani, na mtu akikisoma ajua huyu mwandishi ameshapika baharini.

Sasa tuje kwenye kipimo, manake hapa ndipo vitabu vingi vyetu vinapokufa. Mabingwa wetu wa kupika hawapimi. Ukimuuliza bibi bizari kiasi gani akwambia "kiasi", na yeye mkono wake wajua, haongopi. Kazi yako wewe mwandishi ni kuutia ule mkono kwenye karatasi. Usimkatize kila saa na kijiko, utamuharibia pishi na hamu. Fanya hivi, pima kopo la bizari kwa mizani ya jikoni kabla hajaanza, mwache apike kama kawaida yake, akimaliza pima tena lile kopo. Kilichopungua ndicho kipimo. Vivyo hivyo chumvi, mafuta, ukwaju, hata samaki mpime mzima kisha mpime ameshatumbuliwa na kuparwa magamba, manake msomaji akisoma kilo moja atataka kujua ni kilo ya samaki mzima au ya nyama. Mfanyie hivo kwa siku tofauti kisha linganisha.

Halafu zile gramu zigeuze ziwe vipimo vya chomboni, kwa sababu mizani kwenye mashua haisimami. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula 15, pakiti ya maziwa ya nusu lita kila mtu aijua, kikombe useme wazi mwanzoni mwa kitabu kuwa ni cha mililita 250, manake vikombe vya majumbani mwetu kila kimoja na ukubwa wake, kuna cha kahawa, kuna cha chai, kuna bilauri.

Dakika pia usizitegemee. Makaa ya mkandaa si sawa na makaa ya mkwaju, na upepo wa kusi hupandisha moto ukadhani umewasha jiko mbili. Andika dalili. Nyama ya samaki imekuwa nyeupe hadi ndani, haing'ai tena kama kioo, ukiigusa kwa uma yaachana na mfupa. Mwenye kipimajoto aambiwe nyuzi 63 katikati ya mnofu. Lakini dalili ndizo zisomwazo na mtu mwenye moshi machoni.

Ukishaandika, mpe mtu ambaye hajawahi kukuona ukipika. Mpe karatasi, mpe samaki, kisha keti unyamaze. Hii ni ngumu wallahi, manake utaona aenda kukosea na ulimi wakuwasha, lakini usimsaidie. Pale atakaposimama akakutazama, hapo ndipo pana sentensi iliyokosekana. Ukimjibu kwa mdomo umejidanganya, kwa sababu hutakuwepo kwa kila mtu atakayenunua kitabu. Mimi naona mtu ambaye mapishi yake hayajapikwa na mtu mwengine bado hana kitabu, ana daftari.

Kuna kurasa ambazo kwangu zina uzito kuliko mapishi yote, ni zile za usalama, na nawaomba sana anayeandika chochote kuhusu samaki asizipite. Jodari, nguru, vibua, hawa wakikaa kwenye jua bila barafu kuna vijidudu vinageuza nyama yao vikatoa histamini, na histamini haiondoki kwa kupika, wala kwa kukaanga, wala kwa kugandisha, wala kwa chumvi. Samaki aweza kuwa na sura nzuri na harufu nzuri tu, mtu akala akageuka mwekundu uso, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio, baada ya dakika chache au saa moja mbili. Watu husema "amerogwa" au "ana aleji ya jodari", kumbe samaki alishinda saa sita kwenye sakafu ya mashua. Kwa hivo pishi la jodari kwenye kitabu changu halianzi na kitunguu, laanza na barafu. Samaki akitoka majini tu afe, atolewe matumbo na mashavu, aingie kwenye barafu, asiyebeba barafu apike palepale au asimvue jodari siku hiyo.

Bunju simwandikii pishi. Najua kuna wazee wanaosema wajua kumsafisha, mimi siwezi kuchapisha jambo ambalo mtu akikosea kidogo hakuna dawa ya kuiua ile sumu na moto hauiondoi. Kasa na nguva pia hapana, wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na hata kama bibi yako alikuwa na pishi zuri la kasa lihifadhi kama historia ya nyumba, usiliweke kwenye kitabu kinachomwambia mtu apike. Na tafi aandikiwe onyo juu ya pishi, si chini, kwamba miba yake ina sumu, ikatwe kwa mkasi kabla hujamshika, na mtu akichomwa atie mkono kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kujiunguza.

Huyo tafi mwenyewe wenzetu wa Tanzania wengi wamwita tasi. Kitabu chako kikivuka Vanga msomaji asipotee, kwa hivo kila samaki mwekee picha na jina la kisayansi kwa herufi ndogo, Siganus sutor. Haichukui nafasi.

Kuhusu wenye mapishi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yalinda maneno yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, na picha zako miaka 50 tangu zilipopigwa au kuchapishwa, na haki hiyo waipata pindi uandikapo, kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kujiongezea ushahidi. Orodha ya vitu, nazi mbili limau tatu, hiyo haina mwenyewe. Lakini kisichozuiwa na sheria si lazima kiwe uungwana. Ukikaa jikoni kwa mtu akakupa alichofunzwa na mamake, muulize jina lake liandikwe vipi, na kama hataki jina heshimu, na mkubaliane mapema apate nakala ngapi. Nimeona vitabu vya kigeni vya vyakula vya pwani hii ambavyo mpishi ni mkono tu kwenye picha, hauna jina. Sisi tusifanyiane hivo.

Kuchapisha sasa. Tusione kama kitabu ni lazima kitoke mbali. Siyu hapo, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, watu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono, kwa wino na mapambo mpaka leo inatazamwa kwa heshima, kwa hivo kutengeneza kitabu visiwani humu si jambo geni.

Kitabu cha chomboni kitarowa, hilo jua, na kitashikwa na mikono ya mafuta. Kwa hivo nataka kilale wazi chenyewe bila kushikiliwa, na hapo watu wa matbaa watakupendekezea spairo ya waya. Kataa. Hewa yetu ya chumvi itaila kutu msimu mmoja, na kutu itaingia kwenye karatasi. Chukua spairo ya plastiki. Pini za chuma katikati nazo ni hivohivo. Jalada litiwe laminesheni, kurasa za ndani karatasi nzito kidogo, saizi ya A5 yatosha, yaingia kwenye mfuko. Ukichagua kukunja na kushona katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa nne, hivo usipange kurasa 50, panga 48 au 52.

Picha ziwe za pikseli 300 kwa inchi kwa saizi ile itakayochapwa. Na tafadhali msitumiane picha za kitabu kwenye WhatsApp kama picha za kawaida, yazikamua zikawa ndogo, kwenye simu waona nzuri zikichapwa zina ukungu, tuma kama dokumenti. Rangi pia, manjano ya kupaka ikiwaka kwenye skrini hutoka imefifia kwenye wino, kwa hivo omba nakala moja ya majaribio uishike mkononi kabla hujaruhusu zote, iweke juani, irowe maji, iache jikoni wiki.

Namba ya ISBN hutolewa na Kenya National Library Service. Ina tarakimu 13, yaanza 978 kisha 9966 au 9914 ambazo ndizo za Kenya. Kitabu cha karatasi na cha simu kila kimoja namba yake. Hilo halina mengi.

Pesa. Tuseme nakala moja yakugharimu shilingi 400 matbaani, na wauza 900. Duka likitaka thuluthi, wabaki na 600, ukitoa ya matbaa una 200, na bado hujalipa basi mpaka Mokowe na boti ya kuvusha makatoni, wala samaki na mkaa na barafu ya majaribio yote yale. Ukiuza mwenyewe mkono kwa mkono una 500. Kwa hivo niche yako, yani lile jambo dogo ulilochagua, yakusaidia hapa, manake wajua watu wako walipo, wako kwenye mashua, wako kwa muuza ndoano, wako Shela wakingojea maji yajae. Anza na nakala chache za karatasi zilizochapwa kwa mashine ya dijitali, hata kama kila moja yatoka ghali kidogo, kuliko elfu moja za bei rahisi zikae chini ya kitanda zikivuta unyevu. Na kama wachukua pesa mbele kwa M-Pesa, ngoja mpaka matbaa ikupe tarehe kwa maandishi, manake hiyo ni amana ya watu.

Kuna mama hapo mbele ameuliza, ukiuza ile ya simu si wataisambaza bure? Ndio mama, wataisambaza, PDF ikishatoka haina mlango. Mimi ninavyofanya ni kuuza cha karatasi, na zile kurasa za jodari na bunju na miba ya tafi nimezitoa mwenyewe bure, zi kwenye simu yangu hapa, mwenye kutaka anipe namba nimtumie sasa hivi, na amtumie kila mtu anayemjua mwenye mshipi.