Balozi wa Nyumba Kumi Habadiliki

TATU: Haya kaka, kompyuta imemaliza?

HAMISI: Wapi! Leo Ijumaa, inasaga tangu Jumatatu. Modeli ya wapiga kura, duara la nyumba 10,000, kila moja ina maoni ya ndiyo au hapana. Nyumba ikipata zamu inachagua jirani wa kushoto au wa kulia, inaiga maoni yake.

TATU: Na zamu unampa yeyote?

HAMISI: Yeyote, kwa bahati nasibu.

TATU: Umejitakia. Duara la nyumba N hukubaliana kwa muda wa kadiri ya N mara N. Kwako ni milioni 100, na kila kipimo cha muda kina zamu 10,000. Trilioni moja hiyo! Ukienda zamu milioni kwa sekunde, siku 11 na ushee.

HAMISI: Na nyingi za bure.

TATU: Karibu zote. Ukianza na maoni nusu kwa nusu yaliyochanganyika, muda ukifika 10,000 inabaki mipaka kama 28, yaani mahali majirani wanapotofautiana. Katika zamu elfu, tatu hivi ndizo zinazogeuza kitu. Shika orodha ya mipaka tu: chagua mmoja, usogeze hatua moja kushoto au kulia. Miwili ikikutana, futa yote miwili. Mipaka ikiwa B, saa isogeze kwa muda nasibu wa kieksponensha (mara nyingi mfupi, mara chache mrefu) wenye wastani wa 1 kwa B. Ukiongeza kiasi kilekile kila mara, saa inakudanganya.

HAMISI: Ila humo ndani nimemweka balozi.

TATU: Balozi tena!

HAMISI: Wa nyumba kumi. Anaigwa, yeye haigi.

TATU: Basi mpaka unaogusa ukuta wake uhesabu nusu, maana ni upande mmoja tu unaoweza kugeuka.

HAMISI: Na mtaa usio na mwisho, anaushinda peke yake, wote wawe na maoni yake?

TATU: Kwenye mstari na kwenye gridi bapa, ndiyo. Fuata maoni ya nyumba yoyote kurudi nyuma: kaiga kwa nani, naye kwa nani. Hayo ni matembezi nasibu, kila hatua kwa bahati, na mwanahisabati Pólya alithibitisha mwaka 1921 kuwa kwenye vipimo 1 au 2 (mstari au gridi bapa) mtembezi hakosi kufika mlangoni kwa balozi. Kwenye vipimo 3, yaani nyumba zikipangwa ghorofa juu ya ghorofa, hata jirani wa ukuta kwa ukuta anamfikia kwa uwezekano wa 0.34 tu.

HAMISI: Ghorofani balozi hana sauti!

TATU: Anayo kidogo. 0.34, ongeza nusu ya 0.66 inayobaki, maana maoni ya mwanzo ni nusu kwa nusu: jirani anakubaliana naye kwa 0.67.

HAMISI: Hapo sikubali. Ghorofa lolote lina paa, yaani lina mwisho, na penye paa balozi hushinda.

TATU: Baada ya muda wa kadiri ya N. Kabla ya hapo mchanganyiko umetulia.

HAMISI: Mstari unachukua N mara N, mbona huko husemi maoni mawili yanaishi pamoja?

TATU: Huko mipaka inapungua tangu mwanzo. Ghorofani haipungui hivyo.

HAMISI: Inamsubiri balozi.

TATU: Unachanganya mwisho na mwenendo.

HAMISI: Nawe unauita mwenendo mwisho.

TATU: Dakika moja ya kipindi imebaki, na tuliwaahidi wasikilizaji maambukizi ya Harris, modeli yake ya 1974 ya ugonjwa unaohamia kwa majirani, na kizingiti chake cha 1.649 kwenye mstari, kasi ambayo chini yake ugonjwa hufa.

HAMISI: Hayatoshi humo.

TATU: Basi kazime hiyo kompyuta.

HAMISI: Kwa hesabu yako zimebaki siku saba. Naiacha.