Mudogo wangu, usitoshe ile jino kwanza

Jambo Goma, jambo bandugu ya Ndosho, Katindo, Majengo, na benye bako Bukavu pia, karibuni tena. Leo munaona shavu yangu ya kushoto imevimba kidogo, musishituke, jana ilikuwa zaidi. Ni siku ya tatu tangu dantisti wa hapa Liège, Ubelgiji, anitoshee nerfu, ule mushipa wa maumivu, mu jino, ile ku Kifaransa banaitaka devitalizasyo, na nimesema nifanye video wakati naisikia bado ku mwili, juu juzi mudogo wangu aliniandikia ku WhatsApp: "Yaya, unitumie ka pesa kidogo, kesho naenda kutosha jino." Nikamujibu ngoja kwanza. Hii video ni ya kwake, lakini najua kuko batu mingi kama yeye.

Nianze na jino yangu ya kwanza, ile sina tena. Nilikuwa na miaka 19, Goma, jino kubwa ya chini ilikuwa na kitundu. Mchana inavumilika, lakini usiku ukiweka tu kichwa ku muto inaanza kupiga, dum dum dum, pamoja na moyo, ukikaa inapunguka, ukilala inarudi, nikakuwa nalala nimeegemea ukuta kama mulinzi. Mama alinitafunisha karafuu, ile ilisaidia kidogo kweli. Jirani akasema weka aspirini pale pale ku jino. Niliweka. Asubuhi fizi ilikuwa nyeupe, imeungua, aspirini ni asidi, musiweke hata siku moja, aspirini inamezwa. Kisha kama wiki mbili hivi maumivu ikaisha yenyewe na nyumba yote tukashukuru Mungu kwamba jino imepona.

Haikupona. Ilikuwa imekufa, na hapa njo nataka munisikilize muzuri.

Ndani ya jino hapana mufupa paka mwisho. Juu kuko ile ngumu nyeupe, chini yake kuko ingine ya manjano manjano, na katikati kabisa kuko ka chumba ka nyama laini, mule mishipa ya damu na nerfu binapita, vinashuka mu mizizi paka mu mufupa ya taya. Kitundu ikifika kule, ile nyama inavimba. Sasa mahali pengine ku mwili kikivimba kinapata nafasi, lakini mule mu jino ukuta ni ngumu pande zote, haina pa kwenda, njo maana inakutesa vile, na ukilala damu inaenda mingi ku kichwa, presha inapanda. Ukiacha, ile nyama inakufa. Nerfu imekufa haiumi tena, na wewe unafurahi, unarudilia bukari yako na sombe, kumbe mikrobi biko binashuka pole pole ku ncha ya muzizi, binakula mufupa, binafanya usaha. Ya kwangu usaha ilitoka kisha miezi kadhaa, shavu ikavimba paka jicho ikafungika. Tukaenda usiku ku santre moja ya afya, sitataja jina, balitosha jino bila radio, ile foto ya X-ray, bila kuniuliza kitu, na kipande ya muzizi ikabakia ndani. Nilikaa nayo miaka. Jino ya juu yake imeshuka kidogo juu haina mwenzake ya kugusana naye, na upande ule sitafuni muzuri paka leo.

Kwa hiyo safari hii, jino ingine ilipoanza kupiga usiku, sikungoja inyamaze.

Niwaambie vile inaendaka, juu uoga mingi inatokaka mu kutojua. Kwanza banapiga radio ya jino. Kisha sindano ya ganzi, ile sindano inauma kidogo, sitabadanganya, sekunde kama kumi, na kisha mudomo inakuwa kama si yako. Kama jino iko na moto sana wakati mwingine ganzi ya kwanza haitoshi, sema, inua mukono, banaongeza, hapana kuvumilia kama shujaa. Halafu banaweka kampira kembamba ka bluu, kanafunika mudomo yote, jino moja tu njo inatoka mu kitundu yake. Mi niliona kama mapambo tu, kumbe kako na kazi kubwa: mate haiingie mu jino, na dawa haishuke ku koo. Na ile dawa ya kusafisha, nilisikia harufu nikajua mara moja, Javel! Ni ile ile jamaa ya Javel tunafulia nguo nyeupe, banaipima, banaingiza kidogo kidogo, inaua mikrobi na kuyeyusha nyama imekufa. Musiijaribu nyumbani hata tone.

Kisha kanaingia tusindano twembamba, ncha yake karibu unywele, dantisti anazungusha pole pole anafuata kila ka njia mu muzizi. Jino ya mbele kawaida iko na njia moja, ile kubwa ya chini mara mingi tatu, ya juu tatu ao ine, njo maana inachukua wakati. Kuko ka mashini kanapiga bip bip, bip ikiwa haraka haraka unajua amefika karibu na mwisho ya muzizi. Nilikaa pale saa moja na nusu nikihesabu zile bip. Kusikia nilisikia kusukumwa tu, maumivu hapana. Mwisho banajaza zile njia na gutaperka, ni utomvu ya miti ya upande wa Malaisia na Indonesia, ndugu wa kauchu, halafu banafunga juu kwa muda. Ile dawa ya kufunga ilikuwa na harufu ya karafuu. Nikalia kidogo mule mu kiti, nilimuona mama na karafuu yake, juu mafuta ya karafuu njo iko ndani kweli.

Sasa kupona. Masaa mbili tatu ya kwanza usile, utajiuma mudomo bila kusikia. Ganzi ikitoka inauma, hasa ukigusanisha meno, na hiyo inaweza kuendelea siku kadhaa, hata wiki, lakini kila siku inapunguka. Mi nakunywa ibiprofeni na chakula, mwenye kuwa na kidonda ya tumbo, shida ya figo ao mimba anywe parasetamoli, na asipite kipimo. Tafuna upande mwingine, swaki endelea. Lakini ukivimba kila siku zaidi, ukapata homa, ukashindwa kumeza, kufungua mudomo ao kupumua, hiyo hapana ya kungoja asubuhi, enda hospitali usiku ule ule.

Na amoksi, ile antibiotiki amoksisilini! Batu betu kwetu jino ikiuma ananunua amoksi mu farmasi, komprime sita, anakunywa mbili, anaacha. Nerfu ikisha kufa damu haifiki tena mule, na dawa inapita mu damu, itafika aje? Dokta anaweza kuipa kama uvimbe inaenea ao kuko homa, lakini haitaponya jino.

Kuko benye kuniandikia kwamba jino ya kuua nerfu inaleta kansa. Ile maneno inatoka mbali, mwanzo wa karne ya 20 dantisti Weston Price wa Marekani alisema meno hizo zinatia mwili sumu, na utafiti iliyofuata haikuona vile. Na wale wa upande wa volkano wenye meno ya alama za kahawia, ile mara mingi ni fluoride, aina ya madini, mu maji, hapana kuoza, usikubali mutu akutoshee jino juu ya rangi.

Bei, ndiyo, ni mara mingi kuliko kutosha. Hapa mitiele, bima ya afya, inarudisha sehemu ya kazi ya mizizi, lakini kuroni, ile kofia ya jino, nitalipa mwenyewe, na lazima niiweke, jino ya nyuma bila kofia yake inaweza kupasuka, wengi banatumia pesa ya kwanza banakosa ya pili, jino inapasuka, yote inapotea. Na mara ingine kutosha njo sawa, muzizi ikiwa imepasuka ao jino imebakia ganda tu. Siwezi kumujulia mudogo wangu kutoka Liège.

Basi mudogo, kesho usiende na pesa ya kutosha jino. Enda na ile ya radio tu, nimeisha kuituma. Uliza dantisti kama muzizi iko nzima, kama anaweza kuiokoa, na kama anatumiaka kale kampira. Piga foto ya ile radio, unitumie. Simu yangu itakuwa wazi, hata usiku, najua hulali.