Asiyesema Naye Hulalamika

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salim, niko na dada Mwanaidi. Leo tunazungumzia makao ya watu wenye ulemavu wa akili na haki za wanaoishi humo. Dada, kazi ya uhudumu umeifanya. Tuanzie wapi?

MWANAIDI: Tuanzie kwenye daftari la zamu, kaka Salim. Mhudumu akimaliza zamu anaandika nani kala, nani hakulala, nani kaleta fujo. Sasa chukua mkazi asiyeweza kuongea. Jumatatu usiku imeandikwa: "Amekataa kuoga, amejipiga, amepewa dawa ya kutuliza." Alhamisi hivyohivyo. Jumapili hivyohivyo. Siku nyingine zote anaoga bila shida. Anayesoma harakaharaka anaona mkazi mkorofi. Anayesoma kwa makini anauliza: siku hizo tatu, nani alikuwa zamu?

SALIM: Kumbe yule mtu analalamika.

MWANAIDI: Analalamika, tena kwa njia pekee aliyonayo! Halafu jibu lake ni kidonge. Hilo huniuma kuliko yote. Dawa haitolewi ili zamu ya mtu ipite kwa amani. Daktari aeleze ni ya nini na ya muda gani, kisha arudi kuangalia kama bado inahitajika.

SALIM: Lakini kuna atakayesema sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, ukaanza kutumika Mei 2008.

MWANAIDI: Upo, na umeandikwa vizuri. Ibara ya 16 inataka vituo vinavyowahudumia watu wenye ulemavu vifuatiliwe na mamlaka huru. Huru, kaka, siyo msimamizi ajikague mwenyewe. Na Ibara ya 12 inasema watu hawa wako sawa na wengine mbele ya sheria. Anayehitaji msaada ili aamue, asaidiwe.

SALIM: Hapo ndipo wengi wanapokwama. Utawasikia: "Huyu ataamua nini?"

MWANAIDI: Mwonyeshe mashati mawili uone kama hatachagua. Anza na hayo: avae nini, alale saa ngapi, nani amwogeshe, nani aingie chumbani kwake na kama atabisha hodi kwanza. Kwenye jambo zito kama upasuaji, tumia picha na maneno mafupi, mpe muda, mwite mtu anayemfahamu. Inachosha, nakubali. Ila anayezoea kumwamulia mwenzake shati, kesho atamwamulia na pesa zake.

SALIM: Pesa nazo!

MWANAIDI: Zina jina lake, basi ziwe na hesabu na risiti, na ndugu au mtu wa nje azione. Hilo halina mjadala.

SALIM: Mimi nakumbuka kisa cha Winterbourne View, Uingereza. Ilikuwa hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, karibu na Bristol. Mwaka 2011 mwandishi wa BBC aliingia kama mhudumu akiwa na kamera ya siri, na dunia ikaona wagonjwa wakipigwa na kuburutwa. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, 6 kati yao wakafungwa.

MWANAIDI: Na kabla ya kamera, muuguzi mmoja alishatoa taarifa, kwa uongozi na kwa wakaguzi. Haikufanyiwa kazi! Ndiyo maana nasema malalamiko yasipitie mezani kwa anayelalamikiwa. Mkaguzi aje bila taarifa, aje usiku, aje Jumapili, akae na mkazi faragha. Na mhudumu anayeripoti alindwe asifukuzwe. Wapo wengi wenye moyo, wanaachwa peke yao usiku na wakazi chungu nzima, mwisho wanafunga milango kwa kufuli kwa sababu hawana namna.

SALIM: Na ndugu je? Wengine wanaogopa: nikilalamika, nikigeuza mgongo watamtesa.

MWANAIDI: Hofu hiyo ina msingi, siibezi. Usiwe na siku maalumu ya kutembelea. Angalia michubuko, uzito, nguo, jinsi anavyomtazama kila mhudumu anayeingia. Andika tarehe. Ukiambiwa tu "anaendelea vizuri", omba kuona daftari. Na ukienda kulalamika, usiende peke yako. Ndugu wa wakazi wengine wana wasiwasi uleule.

SALIM: Sweden ilitunga sheria ya kufunga taasisi kubwa zilizobaki kufikia mwisho wa 1999. Wewe ungezifunga?

MWANAIDI: Ningezifunga, watu wakaishi kwenye nyumba za kawaida katikati ya majirani, kama Ibara ya 19 inavyotaka. Lakini aliyemo leo hawezi kusubiri. Tuanze na kuajiri: mhudumu mpya akija kwenye usaili, wakazi wawe ndani ya chumba, naye aonekane anavyoongea nao. Anayezungumza na msimamizi tu, akiwaruka wao, asipewe kazi.

SALIM: Wasikilizaji, wenye ndugu kwenye makao, tuandikieni. Tutasoma bila kutaja majina.