Sogezeni Birika

Mhadhara kwa wafanyakazi wa viwanda na wasimamizi wao, Jinja

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mimea ya kwetu, lishe na afya kazini, na amenipa nusu saa. Wanaonifahamu wameanza kucheka, wanajua naanzia wapi. Naanzia kwenye chai. Mkinialika tena mwaka ujao nitaanzia papo hapo, mpaka hilo birika lihame.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda kwa miaka mingi, kiwanda chenyewe sikitaji. Haikupita wiki bila dada mmoja kuja: Sista, kichwa kinazunguka, nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Umekunywa dawa gani? Ya malaria. Umepima? Hapana Sista, lakini si ndiyo malaria hii hii yetu?

Huyu mmoja nikamtoboa kidole. Malaria hakuna, damu (hemoglobini) gramu 9 kwa desilita. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu wa damu, mwanamume chini ya 13. Nikamuuliza mchana anakula nini. Posho, yaani ugali, na maharage, kila siku ya Mungu. Hapo nikachanganyikiwa, maana maharage yana madini ya chuma, na chuma ndicho kinachojenga damu. Nikaona afadhali nikamtazame akila.

Nikaenda kantini. Birika la chai ya rangi, kubwa kama ndoo ya fundi, limewekwa mwanzo wa foleni kabla ya sahani! Kila mtu anajaza kikombe kwanza ndipo anapakuliwa. Tonge moja, funda moja la chai. Tonge, funda. Nikasimama pale nikihesabu mafunda kama mwendawazimu.

Ule ukakasi wa chai unaokausha ulimi ni tanini. Tanini ikikikuta chuma cha maharage tumboni inakishika, na mwili haukipati tena. Chai kali pamoja na chakula inaweza kukupotezea zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata katika mlo ule. Kahawa nayo imo, ingawa haifikii chai. Wewe unayesema "mimi naweka maziwa," kaa chini, maziwa nayo yana kalsiamu inayozuia chuma. Watu wanachemsha maharage tangu alfajiri, kuni zinateketea, halafu tunayafunga pingu yakifika tumboni.

Nikamwomba mama wa jikoni mambo mawili. Birika lihamie saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mbali na chakula. Na pale lilipokuwa, aweke mapera. Baganda msicheke, simsemi Padri Lourdel aliyefika 1879 mkamwita Mapeera. Nasema tunda. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, chungwa lina kama 50. Na vitamini C inafanya kinyume cha chai: inakifungulia chuma mlango. Pera lisipopatikana, papai. Papai lisipopatikana, kamulia ndimu juu ya maharage yakiwa kwenye sahani, si yakiwa jikoni, maana moto unaiua.

Mama akanikatalia wiki mbili nzima. "Sista, watu watagoma." Hawakugoma. Walinung'unika siku tatu, na siku ya nne zamu ya kwanza ikaiba mapera ya zamu ya pili. Yule dada? Damu yake ilipanda, lakini nisiwadanganye, nilimpa na vidonge vya chuma. Pera peke yake haliinui damu iliyofika 9. Kazi ya pera ni kuzuia isirudi kule.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: bibi yangu alikunywa chai na chakula mpaka akafikisha miaka tisini. Mpe salamu zangu. Bibi yako alikula mukene, wale dagaa wa ziwani, na samaki na nyama vinasaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Na tangu alipoacha kuona siku zake hapotezi damu kila mwezi. Binti wa miaka ishirini na mbili anayesimama kwa muda wa saa nane kwenye mashine anaipoteza. Usimlinganishe na bibi.

Na ninyi mameneja mnaotazama simu: miaka ya 1970 wagema mpira wa Indonesia waliokuwa na upungufu wa damu walipewa vidonge vya chuma, na mpira waliogema ukaongezeka. Mimi siombi hata vidonge. Naomba birika lisogee mita chache na saa kadhaa. Gharama yake ni mtu wa kulibeba.

Sasa bitiruti. Jamani, nani aliwaambia kila chekundu ni damu? Gramu kwa gramu, maharage yaliyochemshwa yana chuma zaidi ya mara mbili ya bitiruti. Kunywa juisi yake ukiipenda, lakini usimwache mgonjwa nyumbani na glasi nyekundu ukadhani umemtibu.

Mlonge ni ugomvi wangu mwingine. Kijana anapanda basi na kikopo cha unga, anasema una vitamini C mara saba ya chungwa. Muulize: majani mabichi au unga? Hesabu ile ni ya majani mabichi, uzito kwa uzito. Yakikaushwa, sehemu kubwa ya vitamini C imekwenda. Na wewe unakula kijiko kimoja, gramu chache tu, huku chungwa unalila zima. Sisemi mlonge mbaya. Uchume mbichi, utie kwenye mchuzi wa karanga, ni mboga nzuri. Mboga zetu za majani, dodo (mchicha) na nakati, vivyo hivyo, ila acheni kumwaga maji mliyochemshia.

Mululuza, yale majani machungu mnayokunywa kwa homa. Hapa wazee hununa, kwa hiyo nianze na kuusifu. Mwaka 1987, kule Mahale, Tanzania, mtafiti Mmarekani Michael Huffman na mganga wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, walimwona sokwe mgonjwa akitafuna moyo wa shina la mmea huu huu mchungu, na Kalunde alikuwa akiujua tangu zamani. Sawa, sokwe ana akili. Lakini sokwe hana kituo cha afya chenye kipimo cha malaria. Wewe unacho. Ukiwa na homa, pima. Ikiwa malaria, umeze vidonge vya siku tatu vyote, usiache siku ya pili kwa sababu umepata nafuu. Dawa ile pia imetoka kwenye mmea, pakanga ya Kichina. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou, aliyeipatia Nobel ya 2015, aligundua kwamba kuchemsha kunaiharibu dawa, akaitoa bila moto mkali. Kwa hiyo ninyi mnaochemsha majani ya pakanga kwenye sufuria...

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na viazi vitamu vya njano, ambavyo Mganda mwenzetu Robert Mwanga alishiriki kupewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa ajili yake. Vipandeni, vina vitamini A, basi. Nilikuwa pia na wakata miwa: kule El Salvador na Nikaragua figo za vijana zinaharibika mashambani, na joto bila maji ya kutosha ni sehemu ya sababu. Maji safi ya kunywa kazini ni sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2006, meneja, si hisani. Hilo lilistahili saa nzima na nimelipa dakika moja, kosa ni la chai.

Maswali baadaye. Miche ya mapera iko getini kwenye boda, kila idara ichukue mmoja. Msiipande karibu na choo kama mwaka juzi.