Mawaidha Hayatoshi: Mafunzo ya Fikra kwa Walio Kwenye Kifungo cha Nje

Waheshimiwa mahakimu, maafisa probesheni, ndugu zangu wa ustawi wa jamii, habari za mchana.

Tangu ipite Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mkosaji kutumikia adhabu kwa kufanya kazi nje ya gereza, tumezoea kuhesabu: amefagia saa ngapi, ameripoti mara ngapi. Kijana akija kusaini tunamwongezea na mawaidha. Achana na vijiwe, mkumbuke mama yako. Anaitikia "sawa mkubwa" na kuondoka. Tuliyomwambia ni kweli, naye alikuwa anayajua kabla hajakamatwa. Asichokijua ni kinachopita kichwani mwake katika zile sekunde chache kati ya kuudhiwa na kurusha ngumi. Hapo ndipo mafunzo ninayoyazungumzia leo yanapofanya kazi.

Msingi wake uliwekwa Marekani na daktari Aaron Beck, miaka ya 1960, alipokuwa akitibu sonona. Aliona kwamba kati ya tukio na hisia kuna wazo linalopita haraka, na mtu anaweza kufundishwa kulikamata. Miaka ya 1980 Robert Ross na Elizabeth Fabiano, kule Kanada, walilipeleka jambo hilo kwa wakosaji. Leo mitaala ni mingi. Mmoja unaotumika sana Marekani una masomo 25. Ukifundisha mawili kwa wiki, unamaliza katika wiki 13 hivi.

Kifaa kikuu ni ripoti ya fikra. Ni karatasi moja yenye sehemu nne: tukio, fikra, hisia, imani. Tuchukue dereva wa bodaboda. Kwenye tukio anaandika: "Nilimbeba abiria kutoka Ubungo hadi Sinza. Tulikubaliana 3,000. Alinipa 2,000 akaanza kuondoka." Basi. Akiandika "alinidharau", mrudishe, kwa sababu dharau haionekani kwa macho. Hiyo tayari ni fikra na ina sehemu yake. Fikra: "Kaniona boya. Nikimwacha, kijiwe kizima kitanicheka. Lazima nimwonyeshe." Hisia: hasira, aibu, kifua kubana. Imani: "Anayedharauliwa akanyamaza si mwanaume."

Hapo usibishane naye. Mwezeshaji akianza kuipinga imani hiyo, kijana ataitetea, na mkiachana atakuwa ameishika kwa nguvu zaidi. Uliza tu: kati ya mawazo haya, lipi lilikusogeza karibu na ngumi? Atalionyesha mwenyewe. Kisha uliza ni wazo gani jingine ambalo angeweza kuliamini kweli. Neno "kuliamini" ni zito. Ukimwandikia "nimsamehe, ni ndugu yangu", atanakili na kulisahau kabla hajafika stendi. Lakini akisema mwenyewe, "Elfu moja hainilazi selo," ameshapata sentensi itakayomfaa barabarani.

Sasa sentensi hiyo lazima ifanyiwe mazoezi. Kundi liwe na watu 8 hadi 12, wawezeshaji wawili, saa moja na nusu au mbili. Mnaanza kwa kupitia kazi ya nyumbani. Kisha wawezeshaji wenyewe wanaigiza, mmoja akiwa abiria, mwingine akiwa dereva anayesema fikra zake kwa sauti: anasimama, anashusha pumzi, anajiambia ile sentensi, anadai pesa yake mara moja kwa maneno ya kawaida, anaamua kuondoka. Baada ya hapo kila mshiriki anaigiza tukio lake mwenyewe, na wenzake wanagawiwa hatua za kuangalia, kila mmoja yake. Kila mshiriki, kila somo. Muda ukibana, igizo ndilo huwa la kwanza kukatwa, tukabaki na maelezo, na kipindi kinageuka kuwa mahubiri. Mimi ningepunguza maelezo yote kuliko kukata igizo moja.

Je, yanasaidia? Mwaka 2007 Mark Lipsey na wenzake walikusanya tafiti 58 za mafunzo ya aina hii. Kwa wastani, pale ambapo wakosaji 40 kati ya 100 wangerudia kosa, waliopitia mafunzo walirudia 30. Jina la mtaala halikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni ubora wa utekelezaji, na kuchagua walio kwenye hatari kubwa ya kurudia. Kwa hiyo msijaze viti kwa wapole waliokosea mara moja kwa sababu tu wanafika mapema. Hao hawahitaji wiki 13, na mkiwakalisha na wazoefu mnawatafutia marafiki wapya.

Afrika tunao mfano wa Monrovia, Liberia, ingawa wale hawakuwa kwenye uangalizi wa mahakama. Christopher Blattman na wenzake walifuatilia wanaume 999 wa mitaani. Waliopata mafunzo ya wiki 8 peke yake walipunguza uhalifu, lakini manufaa yalififia ndani ya mwaka. Waliopata mafunzo na dola 200 juu yake, manufaa yalidumu, na miaka kumi baadaye bado yalionekana. Mwenye tabia mpya asiye na mtaji hukosa mahali pa kuitumia.

Kwa hapa Dar, pangeni ratiba kwa kuijua riziki ya mtu. Somo la saa mbili asubuhi linamnyang'anya bodaboda abiria wake wa kwenda kazini. Anayetoka Mbagala anahitaji nauli ya kwenda na kurudi. Asiyejua kuandika aseme, mwezeshaji aandike ubaoni kwa maneno yake hasa, lugha ya kijiwe ikiwemo. Na siku ya kwanza kabisa waambieni waziwazi kipi mtalazimika kukiripoti. Msiulize habari za kesi iliyo mahakamani. Ripoti ya fikra ikitumika mara moja tu kama ushahidi wa kumbana mtu, kundi zima litaanza kuandika yale mnayotaka kuyasoma.

Akiteleza katikati ya mafunzo, akapigana wiki ya sita, sheria ifuate njia yake, lakini akiwa bado yuko nje msimfukuze kwenye kundi. Mpeni karatasi. Tukio, fikra, hisia, imani. Na safari hii aigize mara mbili.